CK20 imeshika, lakini asili bado haijajulikana

Wiki hii nimepigiwa simu ileile kwa mara nyingine. "Dokta, nimeona ripoti, CK20 imeshika. Basi saratani ni ya ngozi, tuanze matibabu?" Hapana. Subiri kwanza.

CK20 ni protini tunayoitafuta kwa kingamwili kwenye kinyama cha uvimbe; ikiwepo, kingamwili hushika na kuacha rangi ya kahawia kwenye slaidi. Rangi hiyo inasema jambo moja tu: seli hizi, siku kinyama kilipokatwa, zilikuwa na protini fulani. Haisemi zilianzia wapi. CK20 ipo kwenye utumbo mpana, ipo kwenye kibofu cha mkojo, na ipo kwenye seli za Merkel za ngozi, zile zinazohisi mguso. Ukiniambia imeshika bila kuniambia imeshika vipi, hujaniambia kitu.

Hapo kwenye "vipi" ndipo ninapokosa subira. Katika saratani ya seli za Merkel, ile ya ngozi aliyoidhania mpigaji simu, CK20 mara nyingi hujikusanya kama nukta moja kando ya kiini. Unapita na lenzi ya 40, seli baada ya seli: nukta, nukta, nukta. Saratani ya utumbo mpana iliyosambaa hadi kwenye ngozi huwa haina sura hiyo. Rangi yake hutanda kwenye saitoplazimu. Tukiandika "chanya" tu kwenye ripoti, nukta imepotea, na daktari wa wodini hana namna ya kujua. Lakini hata nukta hainitoshi. Kuna saratani za seli ndogo za tezi za mate zinazoionyesha vilevile.

Ndiyo maana naomba kundi zima la vipimo vya protini. SOX10 kwa ajili ya melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi), CD45 kwa ajili ya limfoma (saratani ya seli za kinga), na TTF-1 kwa ajili ya ile inayonitisha zaidi, saratani ya seli ndogo za mapafu iliyotua kwenye ngozi. Kwa kawaida ya mapafu hushika TTF-1 na kuacha CK20, na Merkel hufanya kinyume. Kwa kawaida. Zipo Merkel zisizoshika CK20 kabisa, na zipo chache zilizoshika TTF-1.

Na hasi nayo ina mashaka yake. Kama kinyama kimecheleweshwa kuwekwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, na hata epidemisi ya pembeni, yaani tabaka la juu la ngozi, haikushika pankeratini, kipimo ambacho lazima ikishike, hiyo hasi ya uvimbe siisomi.

Mwaka 2008, timu ya Yuan Chang na Patrick Moore huko Pittsburgh iligundua virusi ndani ya saratani ya Merkel. Ni walewale waliogundua virusi vya saratani ya Kaposi mwaka 1994, ambavyo sisi Afrika Mashariki tunavitafuta kwa LANA-1, protini ya virusi hivyo. Marekani na Ulaya, virusi vya Merkel hupatikana katika takriban wagonjwa 8 kati ya 10. Kingamwili ya kuvitafuta ikishika, hofu ya mapafu inapungua sana. Isiposhika, tumebaki palepale, kwa sababu Merkel nyingine husababishwa na jua, si virusi.

Jina lenyewe pia linanisumbua. Seli za Merkel zilizokomaa hazigawanyiki, na wengi tunashuku kwamba saratani hii haitoki kwao. Mwanapatholojia Toker, alipoieleza mwaka 1972, hakuipa jina hilo. Kwa hiyo ninapoandika "asili: ngozi," namaanisha mahali ilipoanzia, seli mama siijui.

Yule aliyepiga simu nimemwomba picha ya CT ya kifua. Ripoti ya mwisho nitaisaini nikiiona.