Kiu ya Tristan: Wagner kati ya Schopenhauer na Buddha

Kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, tamaa huitwa taṇhā, na maana yake ya asili ni kiu. Mwanzo wa opera ya mtunzi Mjerumani Richard Wagner, Tristan und Isolde, ni kiu hiyo hasa. Selo zinaanza A, F, E; zikitua kwenye D-shapu, ala za kupuliza zinaingia na kutimiza noti nne: F, B, D-shapu, G-shapu. Sikio linangoja zitulie. Zinasogea hadi mpatano wa E unaodai kutulia kwenye A maina, kisha kimya. A maina haiji. Fungu linarudiwa, juu zaidi, na bado haiji.

Wagner alimsoma Schopenhauer mwaka 1854, akiwa Zürich. Kwa mwanafalsafa huyo, utashi usio na macho ndio unaoisukuma dunia, na mapenzi ya mwili ndiyo kitovu chake. Ukombozi ni kuukana. Desemba 1858, Wagner alianza kumwandikia barua kutoka Venice akitaka kumsahihisha: mapenzi hayohayo yanaweza kuutuliza utashi. Hakuituma.

Mwaka 1856 alikuwa ameandika muhtasari wa opera ya Kibuddha, Die Sieger. Prakriti, msichana wa tabaka la chini kabisa, anampenda Ananda, mfuasi wa Buddha. Anaruhusiwa kuwa karibu naye kwa sharti moja: naye aweke nadhiri ya useja. Muziki wake haukutungwa, na kwangu hiyo ni hasara kubwa, maana hapo mapenzi yanageuka bila mtu kufa.

Kwenye matamasha mengi huunganishwa utangulizi na wimbo wa mwisho wa Isolde tu. Kiini kinapotea. Katika tendo la pili, wapenzi Tristan na Isolde wanapanda na wimbo uleule kuelekea B meja, na ukelele wa Brangäne, mtumishi wa Isolde, unaukata. Mwishoni Isolde anaurudia, anapita pale ulipokatwa. Noti nne za mwanzo zinasikika tena na kutua, hatimaye, kwenye B meja. Maneno yake ya mwisho yanataja kupoteza fahamu na raha kuu.

Wengi huiita hiyo nirvana, yaani kuzimika kwa kiu. Sikubali. Buddha alitaja kiu tatu: ya anasa, ya kuwapo, na ya kutokuwapo. Isolde anakufa na hiyo ya tatu.