Kamera ya mwilini ya polisi: inarekodi nini, na nani anaamua

Kamera ya mwilini ni kamera ndogo ambayo askari polisi huivaa kifuani, juu ya sare, akiwa kazini. Hunasa picha na sauti ya yanayotokea mbele yake: gari linaposimamishwa, mtu anapotiwa pingu, ugomvi wa mke na mume, wakati mwingine risasi. Askari mwenyewe haonekani, isipokuwa mikono yake.

Wengi hudhani kifaa hiki hurekodi tangu zamu inapoanza hadi inapokwisha. Sivyo. Muda mwingi kamera huwa macho tu: inaona, ila haiweki. Picha zinazoingia hukaa kwa muda mfupi, mara nyingi nusu dakika, kisha hufutika na kupisha nyingine. Askari akibonyeza kitufe ndipo rekodi huanza kuwekwa, na ile nusu dakika iliyotangulia huwekwa pamoja nayo, kwa kawaida bila sauti. Zamu ikiisha kamera huchomekwa kwenye chaja maalumu kituoni, na video hupakiwa kwenye seva bila askari kuzigusa.

Hiyo nusu dakika si jambo dogo. Januari 2017 mjini Baltimore, Marekani, askari mmoja alinaswa na kamera yake mwenyewe akiweka kifurushi cha dawa za kulevya ndani ya mkebe, katika uwanja uliojaa takataka. Akatoka hadi barabarani, akabonyeza kitufe, akarudi kupekua na "kukikuta" kile kifurushi. Kumbe sekunde 30 za kabla ya kubonyeza zilikuwa zimehifadhiwa. Mawakili wa utetezi ndio walioitoa video hadharani. Askari alijitetea kwamba alikuwa akiigiza tu jinsi alivyozipata dawa hizo mwanzoni. Mwaka 2018 mahakama ikamtia hatiani kwa kutengeneza ushahidi wa uongo.

Uingereza ilitangulia kuzijaribu kamera hizi, kule Plymouth, katikati ya miaka ya 2000. Lakini kilichozisambaza kwa kasi ni kifo cha Michael Brown, kijana mweusi wa miaka 18 asiye na silaha, aliyepigwa risasi na polisi mjini Ferguson, Missouri, Marekani, tarehe 9 Agosti 2014. Mashahidi walipingana, na hapakuwa na video ya kuamua. Desemba mwaka huohuo Rais Obama alitangaza mpango wa dola milioni 75 wa kusaidia miji kununua kamera 50,000. Mwaka 2016 polisi wa London nao walianza kugawa kamera 22,000.

Wanasiasa walikuwa na utafiti mmoja mkononi, wa Rialto, mji wa watu kama laki moja huko California. Mkuu wa polisi wa hapo, Tony Farrar, akishirikiana na mtafiti Barak Ariel wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aligawa zamu kwa bahati nasibu kwa mwaka mzima kuanzia Februari 2012: zamu nyingine zenye kamera, nyingine bila. Malalamiko ya raia yalishuka kutoka 28 ya mwaka uliotangulia hadi 3, na matukio ya polisi kutumia nguvu yakapungua kwa karibu asilimia 60. Namba tamu hizo, na kila muuzaji wa kamera alizijua kwa moyo.

Kisha Washington, D.C. wakarudia jaribio hilo kwa askari zaidi ya 2,000. Matokeo yalitoka 2017: kati ya waliovaa na wasiovaa, hapakuonekana tofauti ya maana katika matumizi ya nguvu wala katika malalamiko. Wapo waliosema polisi wa mji huo walikuwa wamekwisha kufanyiwa marekebisho makubwa miaka ya nyuma, kwa hiyo hapakuwa na mengi ya kupunguza. Huenda. Mimi naona jibu la maana zaidi liko katika majaribio mengine ya Ariel huyohuyo, yaliyofanywa katika miji kadhaa. Askari walipotakiwa kuwasha kamera kila wanapokutana na raia, na wakatii, matumizi ya nguvu yalipungua. Walipoachiwa wachague wenyewe lini wawashe, yalipanda. Kamera ni ileile, ila kanuni ya kitufe ndiyo imebadilika. Ndiyo maana mji ukitangaza kwamba umenunua kamera, haujakwambia lolote bado.

Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, inaonyesha jambo hili vizuri kuliko mji mwingine wowote ninaoufahamu. Askari wa huko walianza kuvaa kamera mwaka 2016. Usiku wa tarehe 15 Julai 2017, Justine Ruszczyk Damond, mwanamke mwenye asili ya Australia, aliwapigia polisi simu akihofu kwamba kuna mwanamke anayeshambuliwa uchochoroni nyuma ya nyumba yake. Askari wawili walifika, na mmoja wao akampiga risasi yeye aliyewaita. Wote wawili walikuwa na kamera kifuani, na zote zilikuwa hazijawashwa. Mkuu wa polisi alijiuzulu, na kanuni ikakazwa: kamera iwashwe kila askari anapoitikia wito.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 25 Mei 2020, kamera ziliwashwa. Taarifa ya kwanza ya polisi kuhusu kifo cha George Floyd, mtu mweusi aliyefia mikononi mwao, ilitaja hilo waziwazi, kwamba kamera zilikuwa zikifanya kazi. Taarifa hiyohiyo ilisema mtu huyo alionekana kuwa na tatizo la kiafya, na haikugusia kabisa goti lililokuwa shingoni mwake. Kamera ya Derek Chauvin, askari mwenye goti hilo, ilidondoka katika purukushani, lakini za wenzake ziliendelea kurekodi. Hata hivyo dunia haikujua ukweli kupitia kamera hizo. Iliujua kupitia simu ya msichana wa miaka 17 aliyekuwa amesimama kando ya barabara. Video za polisi zilifika kwa umma Agosti, na zikatumika mahakamani mwaka uliofuata.

Linganisha na Brooklyn Center, mji mdogo jirani. Tarehe 11 Aprili 2021 askari alimuua Daunte Wright kwa risasi. Kesho yake tu mkuu wa polisi aliionyesha video kwa waandishi wa habari: askari anasikika akipaza sauti kwamba anatumia bunduki ya umeme, huku mkononi ameshika bastola. Hasira ya watu haikupoa kwa hilo, lakini hakuna aliyebaki akibishana kuhusu kilichotokea.

Video nayo ina ujanja wake. Kamera iko kifuani, kwa hiyo askari akimkaribia mtu unaona kitambaa na giza, na kila mtikisiko unaonekana kama vurugu. Seth Stoughton, aliyewahi kuwa polisi na sasa ni profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha South Carolina, alitengeneza onyesho la video ya kifuani inayofanana kabisa na kupigana. Ukitazama tukio lilelile kwa kamera ya mbali, wale watu wawili wanacheza dansi. Nchini Marekani ubishi mkali bado upo: je, askari aitazame video kabla ya kuandika maelezo yake, au baada? Akiitazama kwanza, yaliyo kwenye maelezo ni kumbukumbu yake au ni ya kamera? Tangu 2024 kampuni ya Axon, kinara wa biashara hii, inauza hata programu inayoandika rasimu ya ripoti kutokana na sauti ya kamera.

Axon hiyo, zamani ikiitwa Taser, mwaka 2017 iliwapa polisi wa Marekani kamera bure kwa mwaka mmoja. Si ukarimu. Gharama nzito ni ya kuhifadhi video, mwaka baada ya mwaka, na hifadhi hiyo nayo Axon huiuza.

Kuhusu nani azione video hizo, kila jimbo la Marekani lina lake. California inataka video ya tukio la risasi itolewe ndani ya siku 45, isipokuwa kwa sababu maalumu. North Carolina, kwa sheria ya 2016, haitoi kwa umma bila amri ya jaji. Huko Minnesota sheria inataka video zitunzwe si chini ya siku 90, na muda zaidi pale nguvu zilipotumika au kuna malalamiko. Aliyerekodiwa anaweza kuomba nakala, na sura za raia wengine wasioridhia zitafichwa. Kwa hiyo ukisimamishwa na polisi huko na ukaona umeonewa, andika tarehe, saa, barabara na namba ya askari, na upeleke ombi lako kabla siku hizo 90 hazijaisha.