Je, Wajua Kwa Nini Ziwa Nakuru Husinyaa Kwenye Picha Ndogo?

Mtu aliyelitazama Ziwa Nakuru kutoka juu ya Baboon Cliff hushangaa anapoichukua picha yake studioni ikiwa na upana wa sentimita 15: rangi hazina kasoro, vilima vyote vimo, lakini ule upana uliomduwaza hauonekani. Aghalabu kamera ndiyo hulaumiwa, ilhali kisa kizima kiko kati ya karatasi na jicho.

Tuchukue kamera yenye kihisi, yaani sehemu inayonasa picha, cha upana wa milimita 36 na lenzi ya milimita 28, ambayo hupendwa na wapigapicha wa mandhari kwa kuwa inakusanya eneo kubwa. Ili picha ionekane kwa pembe ile ile iliyonaswa na lenzi, umbali wa kuitazama hupatikana kwa kuzidisha urefu wa fokasi, yaani zile milimita 28 za lenzi, kwa idadi ya mara ambazo picha imekuzwa kuliko kihisi. Kwa picha ya sentimita 15, umbali huo ni kama sentimita 12, ambapo macho ya watu wazima wengi huona ukungu. Basi tunaishika sentimita 30 hivi kutoka usoni, na ziwa linasinyaa. Ikikuzwa hadi mita 1.5, umbali unaofaa ni kama mita 1.2, pale pale mtu anaposimama mbele ya ukuta bila kuelekezwa.

Heroe nao wana hesabu yao. Ndege wa kimo cha sentimita 85, akiwa kilomita moja kutoka kwa kamera hiyo, huwa na urefu wa sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye picha ndogo, kiasi ambacho jicho hukitambua kwa shida, ndiyo maana kundi zima huwa mstari wa waridi tu. Kwenye picha kubwa anafikia milimita 1, na mtazamaji huanza kumtenga ndege na mwenzake. Nadhani huko kutafutatafuta ufuoni ndiko humfanya ahisi yupo pale.

Hata hivyo, ukubwa si dawa ya kila picha. Iliyopigwa kwa lenzi ya milimita 200, ikikuzwa hadi mita 1.5, ingemtaka mtazamaji arudi nyuma zaidi ya mita 8, na sebule nyingi za Nakuru hazina nafasi hiyo.