Kubebesha mboga: mizizi ya mmea mwingine inagusaje ladha na jeni?

Kubebesha ni hivi, unachukua mche wa nyanya unayoitaka kwa ajili ya matunda yake, unakata, unauunga juu ya mche mwingine wenye mizizi migumu kwa magonjwa. Wa juu ndo kikonyo, wa chini ndo shina mama. Unabana na klipu, unaweka kwenye kivuli na unyevu mwingi, baada ya wiki moja hivi au zaidi kidogo mishipa inakuwa imeshikana, basi.

Sasa swali linalokuja kila mara: tunda litakuwa na ladha ya nani? Wengi wanajibu "ya kikonyo" wanaishia hapo, na mimi naona wanakosa sehemu tamu kabisa ya hii habari.

Ni kweli DNA ya tunda haibadiliki. Ukibebesha nyanya juu ya bilinganya utavuna nyanya, na mbegu zake ukizipanda zitatoa nyanya, hazina habari yoyote ya bilinganya. Lakini kuwa na jeni ni kitu kimoja na jeni hiyo kufanya kazi ni kitu kingine, na mizizi ina sauti kubwa kwenye hilo la pili kwa sababu ndiyo inayopandisha maji, madini na homoni kama sitokinini, na kikonyo kinapokea hizo taarifa na kuwasha jeni fulani, kupunguza nyingine.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: hicho kinacholeta ladha kinatengenezewa wapi? Chukua pilipili. Ukali wake unatengenezwa ndani ya tunda lenyewe, kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu, ndo maana hoho ukiibebesha kwenye mizizi ya pilipili kali haigeuki kuwa kali. Halafu angalia tumbaku, nikotini yake inatengenezwa kwenye mizizi na kupanda na maji, kwa hiyo nyanya iliyobebeshwa juu ya tumbaku majani yake yanapata nikotini, na tumbaku iliyokaa juu ya mizizi ya nyanya inakuwa karibu haina kabisa! Kwa sababu hiyohiyo tafadhali sana usijaribu kubebesha nyanya juu ya mnanaha, sumu ya mnanaha inatoka mizizini na inaweza kufika mpaka kwenye tunda.

Sukari yenyewe inatoka kwenye majani, ila mizizi inaigusa kwa kupitia maji. Wajapani walianza kubebesha matikiti juu ya jamii ya maboga miaka ya 1920 kukwepa mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu unaokaa kwenye udongo, na mpaka leo malalamiko ni yaleyale, kwamba baadhi ya mashina mama ya maboga yanafanya nyama ya tikiti iwe ngumu, sukari ipungue au tunda lichelewe kuiva. Mizizi yenye nguvu sana inavuta maji mengi na kusukuma mmea uote majani, na ukivuna kwa kuhesabu siku zilezile ulizozoea unakata tunda bado. Mmumunye ukiutumia kama shina mama kwa kawaida hausumbui hivyo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa tango. Ule unga mweupe unaofutika ukipitisha kidole juu ya ganda sehemu kubwa ni silika, yaani madini ya silikoni kama yaliyomo kwenye mchanga, na kuna maboga ambayo jeni yao moja ya kuingiza silikoni mizizini ina hitilafu, ukibebesha tango hapo linatoka linang'aa bila unga. Yaani jeni ya mmea mwingine, iko chini ya udongo, unaiona kwenye ganda la tango.

Na kuna RNA pia, yaani nakala za jeni zinazobeba maagizo yake. Mwaka 2001 watafiti walionyesha RNA ya nyanya yenye majani yasiyo ya kawaida ikivuka kutoka shina mama mpaka kwenye kikonyo, na majani mapya ya juu yakabadilika umbo. Zile RNA ndogo nazo zinasafiri na zinaweza kuweka alama juu ya DNA zinazonyamazisha jeni, herufi za DNA zikibaki vilevile.

Ndo maana mtu akisema "shina mama fulani linaharibu ladha" mimi namuuliza kwanza ulibebesha aina gani juu yake, ulimwagilia kiasi gani, na uliweka mistari ya aina hiyohiyo isiyobebeshwa pembeni ukaivuna ikiwa imeiva sawa? Shina mama hilohilo linaweza kukubaliana vizuri na aina moja na kuipunguzia nyingine ladha.