Sauti ya Mkazi katika Sera za Mazingira Ulaya: Dhana Potofu na Ukweli

"Kama si raia, huna la kusema."

Hii ndiyo dhana inayowanyamazisha ndugu zetu wengi wanaoishi Ulaya, na ndiyo inayoniuma zaidi. Kuchagua wabunge ni jambo moja, kusemea hewa na maji ya mahali unapoishi ni jambo jingine. Mkataba wa Aarhus, uliotiwa saini katika mji huo wa Denmark mwaka 1998 na kuanza kutumika 2001, unampa mtu haki tatu: kupata taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa serikali, kushiriki katika maamuzi, na kwenda mahakamani haki hizo zikikiukwa. Kifungu cha 3 kinakataza kumbagua mtu kwa uraia, utaifa wala makazi yake. Mkongo aliyehamia Ubelgiji anaweza kuiandikia manispaa yake kuomba vipimo vya hewa ya mtaani kwake, na halazimiki kueleza anavitaka vya nini. Kwa kawaida anapaswa kujibiwa ndani ya mwezi mmoja.

Paris nayo imeufungua mlango huo. Katika bajeti shirikishi ya jiji, ambamo wakazi huchagua miradi ya kugharamiwa, mkazi hupiga kura bila kuulizwa pasipoti. Baraza la wananchi la jiji hilo, lililoanza 2021, lina watu 100 wanaopatikana kwa bahati nasibu, na asiye Mfaransa anaweza kuwa mmoja wao.

"Mambo haya ni ya wataalamu."

Wataalamu wanahitajika, tena sana, lakini mkazi akiwasikiliza anaweza kuamua pia. Julai 2016 mvua kubwa iliufurikisha mji wa Gdańsk, Poland. Baadaye mji uliwakusanya wakazi waliopatikana kwa bahati nasibu, wakawasikiliza wataalamu, wakajadiliana namna ya kujiandaa kwa mvua za aina hiyo. Meya Paweł Adamowicz alikuwa ameahidi kwamba pendekezo litakaloungwa mkono na angalau asilimia 80 ya wajumbe litatekelezwa. Ahadi ya namna hiyo, inayotolewa kabla watu hawajaketi, ndiyo inayoupa mjadala uzito. Mahali ambapo haipo, mkazi ana haki ya kuuliza: tukimaliza kusema, nani anawajibika kutujibu?

"Watu wa kawaida wakiulizwa, watakataa kila kitu chenye gharama."

Wananchi 99 wa Ireland waliokutanishwa katika baraza la wananchi walipojadili tabianchi mwaka 2017, asilimia 80 ya wajumbe walisema wako tayari kulipa kodi zaidi kwa shughuli zinazotoa kaboni nyingi. Wanasiasa wengi wasingethubutu kulitamka hilo kwenye kampeni.

"Mtu mmoja hawezi kuishinda serikali."

Dieter Janecek, mwanasiasa wa chama cha Kijani, alikuwa akiishi Landshuter Allee, barabara yenye magari mengi mjini Munich. Yapata mita 900 kutoka kwake kulikuwa na kituo cha kupimia hewa. Sheria iliruhusu kiwango cha chembechembe za vumbi kupitwa siku 35 kwa mwaka. Mwaka 2005, kabla hata Machi haijaisha, kiwango kilikuwa kimeshapitwa kwa siku zaidi ya hizo. Akashtaki. Shauri lilifika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na Julai 2008 ikaamua kwamba mtu anayeathirika moja kwa moja anaweza kuidai mamlaka iandae mpango wa kukabiliana na uchafuzi huo. Hewa haikusafika kesho yake, lakini tangu hapo mkazi wa mji wowote wa Umoja wa Ulaya ana pa kushika.

"Kura ya maoni ikipata wengi, imepita."

Hapa wengi huvunjika moyo. Machi 2023 Wajerumani wa Berlin walipigia kura pendekezo la mji wao kufikia usawa wa kaboni (kutotoa kaboni zaidi ya inayoweza kufyonzwa) ifikapo 2030. Waliosema ndiyo, takriban 442,000, walikuwa wengi kuliko waliokataa, ila sheria ilidai ndiyo kutoka kwa angalau robo ya wenye haki ya kupiga kura, yaani kama 608,000. Likaanguka. Munich mambo yalikuwa kinyume: Novemba 2017 asilimia 60 ya waliopiga kura walitaka mtambo wa makaa ya mawe ufungwe ifikapo mwisho wa 2022, ila mamlaka ya shirikisho inayosimamia gridi ya umeme ikaona bado unahitajika, na mwaka huo ukaisha makaa yakiendelea kuchomwa. Kabla ya kukusanya sahihi, chunguza mambo mawili: kura ngapi zinatakiwa, na nani juu ya mji wako anaweza kulizuia.

"Wakitangaza mradi, wameshaamua."

Wakati mwingine ndivyo ilivyo, na inapotokea hivyo ni ukiukaji. Kwa miradi mikubwa, Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Aarhus kinataka watu washirikishwe mapema, njia zote zikiwa bado wazi. Maoni yao yazingatiwe, na uamuzi utangazwe pamoja na sababu zake. Kama ulitoa maoni kuhusu kichomea taka kinachojengwa karibu na kwenu, omba hati ya uamuzi, kisha tafuta ndani yake walivyolijibu jambo ulilolisema.