Ukuta wa Mawe Hauzibwi kwa Saruji: Kuhusu Unyevu katika Nyumba za Mashambani za Ufaransa Zinazopokea Makundi

Kwa mara nyingine nimeombwa niuondoe unyevu wa nyumba ya mawe kwa kuipiga lipu ya saruji, na kwa mara nyingine nimekataa. Nyumba yenyewe iko mashambani huko Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Zamani ilikuwa makazi ya wakulima, pamoja na ghala lake na zizi lake, na sasa imekarabatiwa ili ipokee makundi makubwa, watu 20 kwa pamoja, wanaokuja kukutanisha ukoo, kusherehekea harusi au kupumzika tu wiki nzima kando ya bwawa la kuogelea. Mwenye nyumba ana nia njema na anaipenda mali yake. Hata hivyo anaamini, kama wanavyoamini wengi, kwamba ukuta wa mawe huvuta maji kutoka ardhini na kwamba dawa yake ni kuuziba. Nimeona imani hiyo ikiharibu kuta ambazo mvua za karne mbili hazikuziweza.

Tuanze na ukuta wenyewe. Si jiwe moja nene. Ni nyuso mbili za mawe yasiyochongwa, moja ya nje na moja ya ndani, na katikati yake pamejazwa udongo, vipande vya mawe na chokaa kidogo. Unene wake kwa kawaida ni kati ya sentimita 50 na 70. Hauna tabaka la kuzuia maji chini yake, wala waliojenga hawakulihitaji, kwa sababu maji yaliyopanda kutoka ardhini yalipata njia ya kutoka kupitia udongo na chokaa, kisha yakachukuliwa na upepo. Louis Vicat, mhandisi aliyejenga daraja la Souillac juu ya mto Dordogne, ulioipa sehemu hiyo jina lake, alichapisha utafiti wake kuhusu chokaa zinazoganda ndani ya maji mwaka 1818, na saruji ya Portland ilipata hataza Uingereza mwaka 1824. Lakini fundi wa kijijini aliendelea kujenga kwa udongo na chokaa ya karibu kwa miongo mingi baadaye, na saruji iliingia kwa wingi katika nyumba za mashambani baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo lipu ya saruji unayoikuta juu ya kuta hizi karibu kila mara ni mgeni wa juzi.

Gonga lipu hiyo kwa mpini wa mwiko. Mahali pengi italia kama debe tupu. Ukiibandua, utakuta nyuma yake udongo uliogeuka tope, mizizi myembamba inayotafuta maji, na jiwe laini la chokaa ambalo uso wake unamong'onyoka kwa kidole. Maji hayakuzuiwa, yalinyimwa mlango, yakapanda juu zaidi kutafuta mwingine, na yakauacha udongo wa katikati umelowa mwaka mzima. Boriti za sakafu ya juu, ambazo ncha zake zimeingizwa ukutani, ndizo zinazolipa gharama hiyo. Nikichoma ncha ya boriti kwa bisibisi na bisibisi ikazama bila upinzani, sihitaji kipimo kingine.

Jambo linalonikera zaidi ni mtindo wa kubandua lipu yote ili mawe yaonekane, halafu kujaza saruji katikati ya mawe, na kuita kazi hiyo urejeshaji wa hali ya asili. Kuta za nyumba za kuishi zilizojengwa kwa mawe yasiyochongwa mara nyingi zilipigwa lipu ya chokaa tangu mwanzo. Mawe yaliyokusudiwa kuonekana ni yale yaliyochongwa kwa uangalifu, ya pembeni mwa nyumba na ya kuzunguka milango na madirisha. Ghala na mazizi ndiyo yaliyoachwa mara nyingi na mawe wazi, yakiwa yamejazwa chokaa hadi usawa wa uso wa jiwe. Mtindo wa kuyafunua mawe yote ulishika kasi katika nusu ya pili ya karne ya 20, wakati nyumba za wakulima zilipogeuka kuwa nyumba za likizo, na wageni wa mjini wakataka kuuona ukale kwa macho. Ninaelewa mvuto wake, na picha zake hupendeza katika matangazo. Lakini ukuta uliovuliwa lipu hupokea mvua moja kwa moja, na ukijazwa saruji kati ya mawe hupoteza njia yake ya kukauka. Baada ya miaka michache jiwe laini linaliwa na kurudi nyuma, na mstari wa saruji unabaki umetokeza mbele, mzima kabisa, ukiyakusanya maji ya mvua na kuyaingiza ndani.

Sasa nije kwenye kundi la watu 20, kwa sababu hapo ndipo utambuzi wa tatizo unapokosewa zaidi. Nyumba hizi huwa tupu wiki nzima katika majira ya baridi, zikiwa zimepashwa joto kidogo tu ili mabomba yasipasuke. Ijumaa jioni wanafika watu 20 pamoja na watoto na makoti yaliyolowa. Joto linawashwa kwa nguvu zote, masufuria makubwa yanachemka, na watu wote wanaoga kabla ya chakula. Mtu aliyelala hutoa takribani gramu 40 za mvuke kwa saa kwa pumzi na ngozi yake. Watu 20 wakilala saa 8 wametoa zaidi ya lita 6 za maji hewani, kabla hatujahesabu bafu hata moja. Hewa yenye joto la nyuzi 20 hubeba takribani gramu 17 za mvuke kwa kila mita ya ujazo, lakini ikipozwa hadi nyuzi 10 hubaki na nafasi ya gramu 9 na kitu tu. Na ukuta wa jiwe wa sentimita 60 haupati joto kwa usiku mmoja. Unaweza kuhitaji siku kadhaa, na wakati huo wageni wameshaondoka. Basi mvuke unaugusa ukuta baridi na kugeuka maji, hasa katika pembe za vyumba vya kaskazini na nyuma ya makabati, na Jumatatu mwenye nyumba anakuta kuvu nyeusi na kunipigia simu akisema ardhi inapandisha maji. Katika chumba cha ghorofa ya kwanza! Ardhi haipandishi maji hadi huko.

Tofauti inaonekana kwa mwenye kutazama. Maji yanayopanda kutoka ardhini kwa kawaida hayavuki mita moja au moja na nusu, na huacha mstari wa chumvi nyeupe pale yanapokomea. Kuvu haipendi ukuta wenye chumvi nyingi, hivyo pale inapostawi sana, kwanza ishuku hewa ya ndani. Mimi hubandika kipande cha karatasi ya alumini ukutani, nikaziba kingo zake zote kwa utepe, na kukiacha siku chache nyumba ikiwa na watu. Matone yakiwa upande wa chumba, maji yametoka kwa watu. Yakiwa nyuma ya karatasi, yametoka ukutani. Vipimo vya umeme vinavyouzwa madukani vyenye sindano mbili husoma chumvi kana kwamba ni maji, na nimewaona wauzaji wa dawa za kuzuia maji zinazodungwa ukutani wakivitumia kuwatisha watu hadi watie saini siku hiyohiyo.

Zizi lililogeuzwa chumba cha kulia lina jambo lake la pekee. Mkojo wa ng'ombe wa vizazi vingi umeacha ukutani chumvi za naitreti, ambazo huvuta mvuke kutoka hewani. Ukuta wa namna hiyo hulowa siku ya mvua na kukauka siku ya jua, hata kama hakuna tone linalotoka ardhini. Watu 30 wakikaa mezani humo na madirisha yakifungwa, ukuta hulowa kwa ajili yao tu. Vitabu vinaeleza namna ya kuitoa chumvi kwa kubandika udongo laini uliolowa na kuubandua ukishakauka, au kwa kupiga lipu dhaifu ya chokaa inayokubali kuharibika na kubadilishwa. Njia zote mbili ninazitumia, na zote mbili husaidia. Siamini kwamba zinamaliza. Nimewaambia wateja waziwazi kwamba ukuta wa zizi utaendelea kudai lipu mpya kila baada ya miaka kadhaa, na kwamba anayeahidi vinginevyo anauza ahadi.

Nina shaka nyingine ambayo mafundi wenzangu hawapendi kuisikia. Tunafundishwa kwamba zege la sakafu lililomwagwa juu ya karatasi ya nailoni husukuma maji ya ardhini hadi kwenye kuta. Nimeona kuta zilizoanza kulowa baada ya zege kama hilo, na nimeona nyingine zilizobaki kavu kabisa. Mara nyingi mtu aliyemwaga zege ndani alimwaga pia baraza la zege nje, likiugusa ukuta na kuinamia upande wake, na mimi siwezi kusema kwa kiapo ni lipi kati ya hayo mawili lililoleta maji. Kwa hiyo ninaanza na la nje, ambalo ni rahisi na halina ubishi: mifereji ya paa, mabomba ya kuteremshia maji, na udongo uliopanda kuta kwa miaka mingi hadi ukazidi usawa wa sakafu ya ndani.

Kuhusu chokaa yenyewe, neno "chokaa" likiandikwa kwenye mfuko halitoshi. Chokaa asilia inayoganda kwa maji hupewa alama NHL 2, 3.5 au 5, namba ikiwa ni kiwango cha chini cha nguvu yake kwa megapaskali baada ya siku 28. Ile ya 5 juu ya jiwe laini na udongo ni ngumu kupita kiasi kwa maoni yangu, ingawa inauzwa kama chokaa safi na ni chokaa kweli. Mifuko yenye alama HL (chokaa inayoganda kwa maji, lakini si asilia) au FL (chokaa ya mchanganyiko) inaruhusiwa na kanuni za Ulaya kuwa na vitu vingine ndani, hata saruji. Kwa kuta hizi mimi hutumia chokaa ya hewa, yaani inayoganda kwa hewa bila kuhitaji maji, au NHL 2, kipimo kimoja kwa viwili na nusu au vitatu vya mchanga wa hukohuko, na hulowesha ukuta kabla na baada ya kuupiga.

Mengine nayapita haraka, kwa kuwa si ya mwiko. Nyumba ikipokea wageni zaidi ya 15 huhesabiwa na sheria ya Ufaransa kuwa jengo linalopokea umma, na hapo masharti ya moto hubadilika: kengele, njia za kutokea, milango inayojifunga. Bwawa la kuogelea linatakiwa kuwa na kifaa cha usalama kwa mujibu wa sheria ya 2003. Tangi la maji taka lililopimwa kwa familia moja halitawatosha watu 20. Ninaitaja milango inayojifunga kwa sababu inahusu kazi yangu: hewa iliyokuwa ikizunguka kutoka ngazi hadi vyumbani sasa imekatwa, hivyo feni za kutolea hewa bafuni na jikoni, zinazofanya kazi bila kusubiri mgeni azikumbuke, si pambo tena.

Wasomaji wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar watakuwa wameshaitambua habari hii. Kuta zetu za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo, nazo pia hupigwa saruji na watu wenye nia njema, kisha hutoa chumvi na kubanduka. Familia za Waswahili wanaoishi Ulaya, ambao siku hizi hukodi nyumba kubwa kama hizi kwa mikutano ya ukoo, huniuliza kwa nini Wafaransa, pamoja na uwezo wao, hawapigi saruji wakamaliza. Ninawajibu kwamba walipiga, na kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuibandua.

Ugumu uliobaki ni kalenda. Chokaa mbichi ikipatwa na barafu kabla haijashika hubomoka, kwa hiyo haipigwi kati ya Novemba na Machi. Lakini hiyo ndiyo miezi ambayo nyumba haina wageni ila wachache wa mwisho wa wiki, na hapo ndipo wenye nyumba wananihitaji. Msimu wa chokaa na msimu wa wageni ni mmoja, na mmoja wao lazima upishe. Ukuta wa sentimita 60 uliofungiwa maji kwa miaka 40 haukauki kwa wiki tatu kwa sababu kuna kundi lililolipa amana. Mwenye nyumba wa Dordogne amekubali, baada ya mazungumzo marefu, kufunga upande wa kaskazini pamoja na chumba cha kulia. Saruji itaanza kubanduliwa Aprili, mawe yataachwa wazi yakauke kiangazi chote, meza ndefu itahamishiwa ghalani, na lipu ya chokaa itapigwa Septemba, makundi ya majira ya joto yakishaondoka na barafu ikiwa bado mbali.