Kutoboa mfupa ili meno yasogee haraka: maswali na majibu

Kwa nini kupanga meno kwa waya huchukua muda mrefu?

Waya hubonyeza tu. Kazi yenyewe hufanywa na seli: upande jino linakoelekea mfupa unaliwa, upande linakotoka mfupa mpya unajengwa. Kazi hiyo ina mwendo wake, kama milimita 1 kwa mwezi, na kukaza waya zaidi hakuiharakishi. Kunaweza hata kuumiza mzizi. Ndiyo maana wengi hukaa na waya mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Sasa upasuaji mdogo wa mfupa unaongeza nini?

Jeraha la makusudi. Mfupa ukijeruhiwa, seli za ukarabati huamka mahali pale, na kwa muda mfupa hupungua madini na kuwa laini, jino likapata njia. Daktari wa mifupa Harold Frost wa Marekani aliieleza hali hii mwaka 1983.

Madaktari wa meno walikuwa wakikata mfupa kabla ya hapo. Mwaka 1959 Heinrich Köle alifikiri kwamba jino husafiri pamoja na kipande chake cha mfupa. Mwaka 2001 ndugu wawili, madaktari Wilcko, walionyesha kwa picha za CT (eksirei za tabaka kwa tabaka) kwamba hakuna kipande kinachosafiri: madini hupungua, kisha hurudi. Kwangu hili ndilo la kushika, kwa sababu linaeleza kwa nini faida ina mwisho.

Hufanywaje?

Kwanza sindano ya ganzi. Njia ya zamani ni kufunua fizi na kuchanja tabaka gumu la nje la mfupa; ndiyo nzito kuliko zote, na uso huvimba siku kadhaa. Nyingine hupasua fizi kidogo tu, kisha kisu kinachotetemeka kwa kasi kubwa sana huchanja mfupa. Nyepesi zaidi ni kutoboa vitundu vya milimita chache kupitia fizi, katikati ya mizizi. Utahisi kusukumwa, si kuchomwa. Tone la damu hutoka kila kitundu, basi.

Nitavua waya mapema kiasi gani?

Hapa nakuomba utulie. Utafiti wa mwaka 2013 kuhusu vitundu uliripoti mwendo wa zaidi ya mara mbili, lakini tafiti nyingi zilizofuata ziliona tofauti ndogo au hazikuiona kabisa. Kuchanja mfupa kunaonekana kusaidia zaidi, hasa miezi ya mwanzo. Baada ya miezi mitatu au minne hivi, kasi hurudi ilivyokuwa. Kwa hiyo baada ya upasuaji huitwa kliniki mara nyingi zaidi, hata kila wiki mbili. Kama huwezi kuhudhuria hivyo, usijeruhiwe bure.

Nani asifanyiwe?

Mwenye fizi zinazougua hadi zitibiwe, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, na anayetumia dawa za kuimarisha mifupa za kundi la bisfosfoneti. Mvutaji sigara hupona polepole. Mwambie daktari ukweli.

Nikiumwa ninywe dawa gani?

Kwa kawaida parasetamoli. Ibuprofeni na jamaa zake huzuia kemikali zile zile zinazoamsha seli za kula mfupa. Ukiinywa kila siku, unaweza kuzima kile ulichotobolewa ili kiwashwe.